Naomba ushauri: kaseti za marehemu baba zimeota ukungu

Habari zenu wakuu, na shikamooni waliotuzidi umri. Baba yetu, mstaafu wa maktaba hapa Moshi, ametutoka, na arobaini inakaribia. Mzee alipenda muziki kupita kiasi: Morogoro Jazz, Nuta Jazz, Vijana Jazz, na kwaya za Kilutheri za huku kwetu. Ametuachia masanduku ya kaseti, nyingi alirekodi mwenyewe kutoka Redio Tanzania. Kila moja kaibandika karatasi ubavuni, kwa mwandiko wake ule wa kulala, ikianza na 780, namba ya muziki katika mpangilio wa Dewey, ule wa kupanga vitabu maktabani. Kazi ilikuwa damuni! Kuna moja anasikika akimwita mama aje asikilize gitaa. Hiyo ndiyo tungependa waombolezaji waisikie.

Sasa nyingine zimeota ukungu. Fundi mmoja anasema tuzipige hivyo hivyo, mimi naogopa utepe utanasa na kukatika. Nani anajua kuzisafisha na kuzihamishia kwenye kompyuta, Moshi au hata Arusha? Halafu ndugu zangu wanataka tugawane. Mimi naona zikae pamoja, kwa mpangilio aliouacha. Kuna aliyewahi kukabidhi maktaba vitu kama hivi, wakavipokea?