Ng'ombe wangu wa maziwa anahema sana na hili joto, naombeni ushauri

Habari zenu wakuu, naomba msaada kwa wenye uzoefu na mifugo. Nafuga kidogo tu, ng'ombe mmoja wa maziwa na ndama wake, mbuzi kadhaa na kuku, sasa tangu joto la kiangazi lianze huyu ng'ombe ikifika mchana anahema mdomo wazi, udenda unamtoka, halali kabisa anasimama tu na maziwa yamepungua sana. Nikimpima asubuhi anasoma 38.6 ambayo ni kawaida, ila saa nane mchana inapanda mpaka 39.8 halafu usiku inashuka tena, ndo maana nahisi ni joto na sio ugonjwa, na kupe nimemkagua hana. Maji anayo muda wote maana kwenye joto ng'ombe wa maziwa anaweza kunywa hata lita 100 kwa siku, na majani mengi nampa jioni kukipoa. Mbuzi wao hawana shida, wanajilalia kivulini.

Sasa swali langu, banda ni la bati na paa liko chini, nikitandaza nyasi kavu juu ya bati itatosha au niliinue kabisa? Na kummwagia maji mgongoni mchana vipi, kuna jirani kaniambia atapata nimonia, mimi naona hapana mradi upepo unapita vizuri ila sitaki kubahatisha, huyu mnyama nampenda mno. Pia chumvi ya kulamba niongeze au niache ilivyo? Aliyewahi kupitia hili aniambie alifanyaje.