Mkutano wa wabunifu Dodoma: wasioona na viziwi washiriki vipi?

Kizota_Dizaini: Wakuu, tunaandaa mkutano wa wabunifu wa programu na tovuti, watu 30. Wawili hawaoni, watatu viziwi, mmoja anatumia kiti mwendo. Nianzie wapi?

FundiIpagala: Ukumbi kwanza, na uende na futi kamba. Mlango uwe na upana wa sm 90. Mteremko: kila sm 1 ya kupanda inataka sm 12 za urefu, kwa hiyo ngazi mbili za sm 15 ni mita 3.6. Ubao mfupi wa kuegesha utampindua mtu. Kagua na choo, wengi husahau.

Wakalimani wa lugha ya alama wawe wawili, wapokezane kila dakika 20 hivi. Mmoja akichoka tafsiri inaharibika. Wape slaidi mapema, na mkiwasha projekta msizime taa iliyo juu yao.

mama_kodi: Mkifanya zoezi la TalkBack (programu ya simu za Android inayowasomea wasioona skrini kwa sauti), kosa mtakalolisikia sana ni Kiswahili kusomwa kwa matamshi ya Kiingereza. Mara nyingi tagi ya html kwenye msimbo wa tovuti haina lang="sw" (inayosema lugha ni Kiswahili), au simu haina sauti ya Kiswahili. Sauti hiyo waipakue nyumbani, maana simu 30 kwenye Wi-Fi moja ni balaa. Na hedifoni, jamani!

Kizota_Dizaini: Asanteni. Na rangi za slaidi?

mama_kodi: Kiwango cha WCAG (mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazofaa watu wenye ulemavu) cha utofauti wa mwanga kati ya maandishi na rangi ya nyuma yake ni 4.5 kwa 1, maandishi makubwa 3 kwa 1. Projekta hufifisha, wewe lenga 7 kwa 1. Kijivu juu ya nyeupe achana nacho.