Duka la mtandaoni lina haki ya kukufuata mpaka Facebook bila kukuambia?

BintiKorogwe
Wakuu naomba tulijadili hili maana limenikuta ndani kwangu. Niliona linki Facebook ya duka moja la hapa Dar nikaingia kwenye websaiti yao kuangalia vitanda vya mtoto mchanga, sikununua, sikujaza fomu, sikuacha namba, nikatoka. Usiku wake Facebook kitanda kilekile rangi ileile. Kesho yake nguo za wajawazito. Mama mkwe alikuwa amekuja, akaniomba simu aone picha za harusi ya shemeji, anasukuma na kidole gumba pole pole, akafika kwenye lile tangazo akasimama. Akanitazama tumboni. Tulishapoteza mimba moja huko nyuma, tukakubaliana na mume wangu tunyamaze mpaka miezi mitatu ipite. Nauliza tu, mwenye duka kapata wapi haki hiyo?

FundiWebu_Ubungo
Pole dada. Hiyo ni pikseli ya Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram. Kipande kidogo cha msimbo kinabandikwa kwenye websaiti, ukifungua ukurasa kinapeleka habari kwamba brauza fulani imeangalia bidhaa fulani, na wewe uliingia kwa linki ya Facebook basi kukuoanisha ni rahisi. Mwenye duka jina lako halioni, anachoona ni kundi la watu walioangalia vitanda. Nimewafungia wateja wangu wengi tu na nitaendelea, tangazo bila pikseli ni kumwaga hela mtaroni.

Wakili_wa_Mtaa
Utaendelea mpaka lini? Kuna sheria ya taarifa binafsi, nadhani ya 2024, inataka mtu ajulishwe taarifa zake zinakusanywa kwa kusudi gani.

Mshenga77
Sheria ni ya 2022 mkuu, imeanza kutumika 1 Mei 2023. Hiyo 2024 ni pale Rais Samia alipozindua Tume ya kuisimamia. Wakenya wana ya kwao tangu 2019.

MamaK_Mapazia
Mnaongea sheria hamjawahi kulipia tangazo. Mie nilibusti posti Instagram kwa elfu hamsini, laiki zikaja mpaka nikafurahi, aliyenunua mmoja. Nikafungiwa pikseli, hela ileile ikaenda kwa walioangalia mapazia yangu tu, nikauza jozi sita wiki moja. Fremu nalipia, TRA nalipa, watoto wanasoma. Sijaiba siri ya mtu.

Kijana_wa_Buza
Nyie nyie mnaoandika "bei njoo inbox" leo ndio mnajua haki? Mteja kauliza bei hadharani anajibiwa njoo DM kama vile kaomba rushwa.

MamaK_Mapazia
Kaka wewe sikujui na hujawahi kununua kwangu. Nikiweka bei, jirani wa fremu ya tatu anachukua picha yangu hiyohiyo anaandika pungufu elfu mbili. Halafu pazia linategemea upana wa dirisha, unataka niandike bei ya dirisha la nani?

Kijana_wa_Buza
Andika bei ya mita! Nikija huko inbox mnaanza kupekua akaunti yangu, mkiona nimepiga picha Masaki bei inapanda. Imenikuta, mimi niliambiwa viatu elfu 80 na mdogo wangu siku hiyohiyo akaambiwa 55. Huko nako ni kumfuatilia mtu, tena kwa macho.

Gauni_Tanga
Hapo umesema kweli kabisa. Nauza magauni, naandika 35,000 chini ya kila picha, wanaokuja DM wanaleta saizi na mahali pa kutuma tu. Usumbufu umepungua nusu.

MamaK_Mapazia
Dada gauni si pazia.

Mswahili_Hamburg
Mmemwacha dada wa watu na mimba yake mnagombania bei. Huku Ujerumani, tangu sheria ya data ya Ulaya (GDPR) ianze kutumika 25 Mei 2018, websaiti ikitaka kukufuatilia inakuuliza kwanza, unakubali au unakataa. Na wale wa safari za Arusha wanaowalenga Wajerumani sheria hiyo inawahusu hata wakiwa hukohuko Njiro.

FundiWebu_Ubungo
Usituletee Ulaya mzee, wateja wetu wana bando la siku, ukimwekea kibango cha maswali anafunga anaondoka.

Mshenga77
Fundi, kujua tangazo lipi limeleta watu hakuhitaji kumwandama mtu. Wanaotoka WhatsApp status mara nyingi Analytics, ile ya kuhesabu wanaoingia websaiti, inawaandika kama wamekuja moja kwa moja, mnadhani wanalijua duka kwa jina. Weka UTM, yaani alama ya kuonyesha mtu katoka wapi, kwenye mkia wa linki, ya status iwe yake na ya Insta yake, utaona ipi imeuza. Kuhesabu wanaoingia dukani hakuna ubaya, kumsindikiza mtu mpaka sebuleni kwake ndiyo nongwa.

FundiWebu_Ubungo
UTM naitumia kila siku, hujanifundisha kitu. Ila aliyeangalia akaondoka haimrudishi. Dada, ingia settings za akaunti yako Facebook, tafuta shughuli zako nje ya Meta, futa za nyuma kisha zima na za mbele.

BintiKorogwe
Nimefanya, imenichukua karibu nusu saa na mume wangu kanisaidia. Asante kaka. Ila kwa nini kazi ya kuzima iwe yangu na mimi sikuwasha? Mama mkwe ameshapiga Korogwe, jana shangazi watatu wamenipongeza kwa simu. Hujanijibu, wateja wako uliowafungia, hata mmoja ameandika kwenye websaiti yake kwamba ipo?

MamaK_Mapazia
Haya Kijana wa Buza, mita 12,000, kushona 5,000. Nimeandika hadharani, uje ununue sasa.

Kijana_wa_Buza
Na pazia jepesi la ndani?