Wapiga besi wa Dar naombeni ushauri: mkono unakaza kabla sebene haijaisha

Besi_Mbagala

Wakuu habari za jioni.

Nipo Mbagala, napiga besi kwaya ya vijana kanisani kwetu, na wikiendi mojamoja tunaitwa kwenye harusi. Shule ya muziki sijaiona. Nilianza kwa kushika gitaa la kaka mmoja wa kwaya kila alipokwenda kula. Mchana nipo dukani Kariakoo, na kwa foleni za Kilwa Road nafika nyumbani saa mbili usiku, siku nyingine tatu. Tizi langu ni muda huo, tena nyumba ya kupanga, vyumba vimegusana kuta.

Kinachonisumbua zaidi ni mkono wa kushoto. Tukiingia kwenye sebene na waumini wakinogewa, tunapiga muda mrefu bila kupumzika, na mkono unakaza kuanzia kwenye kitako cha gumba hadi karibu na kiwiko. Hapo nabaki nabonyeza ilimradi. Halafu mpiga drams analalamika kwamba nakimbiza, wakati mimi naona niko sawa kabisa. Kingine, nikitoka kwenye uzi mnene wa E kwenda D (nyuzi zangu toka mnene hadi mwembamba ni E, A, D, G), ule E unabaki unaunguruma nyuma. Kwenye spika kubwa inakuwa fujo tupu.

Tizi sikosi. Nachukua nyimbo za Jumapili, nazipitia mwanzo mwisho, kisha nalala. Kuna jamaa ananisukuma ninunue besi ya nyuzi tano, eti shida zitaisha. Kabla sijavunja kibubu naomba mawazo yenu.

Sloo_Temeke

Huyo jamaa ana gitaa la nyuzi tano anataka kuliuza. Umeulizia hilo?

Besi_Mbagala

😂 Analo kweli.

Mwalimu wa Kimara

Uzi wa tano ni B ya chini, na ukiuongeza shingo inapanuka. Mkono unaokaza kwenye nyuzi nne utakaza mapema zaidi kwenye tano. Kibubu kiache kilivyo.

Nijibu kwanza: usiku unachomeka gitaa kwenye kitu, au unalipiga kavu?

Besi_Mbagala

Kavu mkuu. Majirani.

Mwalimu wa Kimara

Ndipo ugonjwa ulipo. Besi ya umeme ikipigwa kavu haisikiki, kwa hiyo mkono wa kulia unachapa kwa nguvu ili masikio yapate chochote, na wa kushoto nao unabana kuufuata. Fanya hivyo kila usiku, mwili utaamini ndivyo besi inavyopigwa. Jumapili una spika kubwa mbele yako lakini mkono bado uko chumbani Mbagala.

Tafuta kiampu cha hedifoni, vile vidogo vya kuchomeka kwenye tundu la gitaa lenyewe. Mfuko ukigoma, egemeza pembe ya juu ya gitaa kwenye kabati la mbao au ubao wa kitanda. Mbao inabeba sauti, utajisikia vizuri tu. Ila lisiwe kabati lililogusa ukuta wa jirani, la sivyo utarudi hapa kuomba ushauri wa kutafuta nyumba.

Sasa leo usiku, kabla ya wimbo wowote, jaribu kitu kimoja. Weka kidole cha shahada juu ya uzi wa D, freti ya tano (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo), bila kubonyeza. Piga kwa mkono wa kulia. Itatoka "tup", sauti iliyokufa. Endelea kupiga polepole huku unaongeza uzito wa kidole kidogo kidogo. Itatoka tup, tup, halafu itakwaruza, halafu nota itatoka safi. Simama hapo hapo. Hiyo ndiyo nguvu inayotakiwa, na nakuhakikishia ni ndogo kuliko unayotumia sasa hivi. Kidole kikae nyuma tu ya chuma cha freti, kisikae katikati ya nafasi wala juu ya chuma chenyewe. Ukikaa mbali na chuma uzi unakwaruza, nawe unaongeza nguvu bila kujua.

Ukishaipata, piga mstari mfupi unaoujua huku gumba la kushoto umelibandua kabisa nyuma ya shingo. Utaona inawezekana. Gumba ni la kuelekeza mkono, halikuwekwa pale kukaba.

Jambo la mwisho kwangu. Vijana wengi mmejifunza kwenye video kwamba kila kidole kina freti yake. Huku chini si lazima. Besi ya kawaida ina urefu wa inchi 34 kutoka nati (kile kipande chenye mifereji ya nyuzi kule kichwani) hadi daraja (zinapoishia nyuzi kwenye mwili wa gitaa), maana yake kutoka nati hadi freti ya kwanza ni karibu sentimita 4.8. Ukivuka freti ya 12 nafasi hiyo inakuwa nusu yake, kama 2.4. Kwa hiyo kwenye freti za mwanzo tumia shahada, cha kati na kidole cha mwisho, vidole vitatu kwa freti tatu, cha pete kimsaidie cha mwisho kubonyeza. Wapiga kontrabasi, ile besi kubwa ya kusimama, wamepiga hivyo miaka nenda rudi. Ukipanda juu ndiyo utandaze vyote vinne.

Fundi Nyuzi

Mwalimu kagusa mkono, mimi niguse gitaa. Chukua rula, pima kutoka juu ya chuma cha freti ya 12 hadi chini ya uzi wa E. Ikiwa kati ya milimita 2 na 3, tatizo ni lako. Ikifika 4 na kuendelea, gitaa nalo lina kesi ya kujibu.

Shingo ni mbao na Dar ni unyevu. Ukiliacha gitaa ndani ya gari juani, au limeegemea ukuta wenye fangasi, shingo inajikunja, nyuzi zinanyanyuka. Ndani ya shingo kuna chuma cha kuinyoosha. Kinazungushwa robo mzunguko, unaliacha gitaa litulie, unapima tena. Usizungushe kwa hasira. Nimeletewa chuma kilichokatika humo ndani, hapo hatuongei tena habari ya kurekebisha. Kama hujawahi kukigusa, mpe anayejua.

Na ukimaliza kupiga futa nyuzi kwa kitambaa kikavu, chini na juu. Jasho na hii hewa ya chumvi vinaleta kutu haraka, na uzi wenye kutu unakwaruza vidole, nawe unazidi kubana.

Dada wa Nyuzi Nne

Kaka Besi_Mbagala, kwanza ulegee kuhusu hilo neno tizi. Kupitia nyimbo mwanzo mwisho kila usiku ni kuzikumbusha tu. Unazozijua unazipiga vizuri tena, na pale unapokosea unapakosea tena, kisha unalala. Chukua ile sehemu ya baa mbili (baa moja ni mapigo manne) inayokusumbua, ipige polepole mpaka iwe safi, acha wimbo uliobaki. Dakika ishirini za hivyo zinatosha kwa mtu aliyesimama dukani kutwa.

Mkanda nao. Kaa kitandani na gitaa, uone limekaa urefu gani tumboni. Simama. Likishuka hadi mapajani, kaza mkanda hadi lirudi pale pale. Likining'inia chini linapendeza kwenye picha, lakini kiwiko cha kushoto kinanyooka na kifundo cha mkono kinakunjika, na kukaza kwako kunaweza kuwa kunaanzia hapo.

Kuhusu kukimbiza: rekodi mazoezi ya kwaya kwa simu, sikiliza ukiwa peke yako, na usikilize kwa hedifoni. E ya wazi ni kama hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, spika ya simu haiitoi. Utasikia mapigo ya vidole na kudhani umesikia besi.

Halafu metronomu, kile cha kulia tiki tiki kukushikia mwendo, zipo za bure kwenye simu. Watu wanaiweka 100 kwa dakika na kuifuata kama mtoto anayeshikwa mkono. Iweke 50, na kila mlio uuhesabu kuwa pigo la pili na la nne. Wimbo unakwenda 100 vilevile ila nusu ya kazi unaibeba mwenyewe. Ukizoea shusha hadi 25, mlio mmoja kwa baa, uwe pigo la nne. Hapo anayekimbiza anajulikana mapema sana.

Mzee wa Dansi

Vijana mnanichekesha. Metronomu! Sisi tulikaa mgongoni kwa mpiga tumba, ukimkimbia anakugeukia na jicho moja tu, wiki nzima hulisahau. Nimeisikiliza bendi ya Msondo ikiitwa JUWATA, nimewasikiliza Sikinde, yaani Mlimani Park, tangu bendi ilipoanza 1978, na wale wapiga besi hawakuwa na simu ya kuwalilia tiki tiki.

Lakini kijana, hakuna hapa aliyekuuliza unapiga nini kwenye hilo sebene. Nahisi unajaza. Besi ya dansi inasema neno, inanyamaza, inasema tena. Ukiinyamazisha, solo na rizimu zinapata pa kupita, mguu wa mchezaji unapata pa kutua, na mkono wako nao unapumua. Pale palipo kimya fungua vidole, visiwe vimeshika kitu. Ni kitambo kidogo lakini kinarudi kila mzunguko. Anayepiga nota kila pengo lazima mkono ugome, hata akiwa na gitaa la dhahabu.

Mwalimu wa Kimara

Shikamoo mzee. Hapa umemaliza. Ila huyo mpiga tumba mwenye jicho ndiye metronomu yenyewe. Huyu wa Mbagala saa tatu usiku chumbani atamtoa wapi?

Mzee wa Dansi

Marahaba. Haya, atumie hiyo simu.

Sloo_Temeke

Na ahakikishe anapiga kwa vidole viwili mkono wa kulia, shahada na cha kati kwa kupokezana. Kidole kimoja ni ushamba, hutafika popote.

Dada wa Nyuzi Nne

Sloo, James Jamerson aliyepiga besi za Motown, kampuni ya muziki ya Marekani, alitumia shahada peke yake, kidole chake wakakiita Hook, yaani ndoano. Nyuzi zake zilikuwa nene za bapa na zimenyanyuka juu, wewe ungelia. Wapiga sebene nao utawaona wanachanganya gumba na shahada. Viwili ni njia nzuri ya kujifunzia, nami nafundisha hivyo, ila ushamba toa.

Sloo_Temeke

Sawa dada, nimetoa.

Mwalimu wa Kimara

Kabla hatujasahau ile E inayounguruma, maana hiyo ndiyo inayowaumiza mafundi mitambo. Kuzima nyuzi ni kazi ya mikono yote miwili. Gumba la kulia lisikwame kwenye pikapu (kile kisanduku chini ya nyuzi kinachonasa sauti) muda wote. Ukipiga A, lilaze juu ya E. Ukihamia D, lisogee likae juu ya A na ubavu wake ubaki umegusa E. Na kidole kinachopiga kisikwanyue uzi kwenda juu, kipitishe hadi kitue kwenye uzi mnene unaofuata. Umepiga D, kidole kimetua A, tayari A imenyamaza yenyewe. Nyuzi nyembamba zizimwe na tumbo la shahada ya kushoto, lilale tu juu yake bila kubonyeza.

Piga E mara nne, D mara nne, polepole kabisa, usikilize ukimya kuliko nota. Inachosha akili, najua.

Besi_Mbagala

Wakuu nimerudi na mrejesho.

Lile zoezi la "tup" nimelifanya. Nilikuwa naua mbu kwa nyundo, nguvu nyingine yote ilikuwa ya bure. Rula ya fundi inasoma milimita tatu na kidogo, kwa hiyo kesi tumegawana. Rekodi nimeisikiliza: kwenye beti nipo sawa, tukikaribia kiitikio nachomoka. Yaani ni kwa sababu naijua sehemu inayokuja na naifuata kabla haijafika. Mpiga drams nimempelekea soda.

Ya mzee ndiyo ngumu. Nikiacha nafasi naona kama nimesahau wimbo, na mwalimu wa kwaya ananiangalia.

Mzee wa Dansi

Ataangalia wiki mbili tatu. Akiona watu wanacheza ataangalia pengine.

Dada wa Nyuzi Nne

Kaka, swali moja ambalo hatukukuuliza, nawe hukusema: vidole vinapata ganzi? Kukaza kwa misuli kukiisha ukipumzika ni jambo moja. Ganzi, vidole kuchomachoma, au maumivu yanayokuamsha usiku ni jingine, hapo acha gitaa uende hospitali uonane na mtu wa fiziotherapia. Usijikaze kisabuni.

Besi_Mbagala

Ganzi hapana dada. Nikiliweka chini gitaa inaisha.

Kushoto_Tu

Samahani kwa kuingilia mjadala. Mimi natumia mkono wa kushoto, gitaa nililopewa ni la kulia. Nikigeuza nyuzi, E iende pale G ilipo, itafaa?

Fundi Nyuzi

Itafaa nusu. Mfereji wa G kwenye nati ni mwembamba, uzi wa E hauingii, na ule wa E ukiweka G itacheza humo na kulia ovyo. Nati lazima ibadilishwe, na kule kwenye daraja urefu wa kila uzi upangwe upya. Tundu la waya nalo litakuwa juu, litakukera kwenye mkono. Kama ndiyo kwanza unaanza, jaribu kwanza kujifunza kulia mwezi huu, mikono yote ni migeni kwenye gitaa hata hivyo. Ikishindikana lilete. Nyuzi usizitoe mwenyewe nyumbani, njoo zikiwa juu yake nione shingo ilivyokaa.