Naomba ushauri: Ibn Rushd anawafunika wapinzani wake jukwaani

Wakuu, tamthilia ninayoandika ni ya dakika 70, wahusika sita: Sokrate (mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale), Hypatia (mwanafalsafa mwanamke) aliyeuawa na kundi la Wakristo Aleksandria mwaka 415, Ibn Rushd (mwanafalsafa Mwislamu) aliyefukuzwa Córdoba, Hispania, mwaka 1195, na vijana watatu wenye msimamo mkali.

Tatizo ni onyesho la pili. Ibn Rushd anashika aya ya pili ya Sura al-Hashr, ile ya kuwataka wenye macho wazingatie, akidai dini yenyewe imeamuru kufikiri. Hoja nzito, ila anasema peke yake dakika 9 na vijana wanabaki vinyago. Mshindi anajulikana mapema mno. Kufupisha tu hakutoshi. Kijana lazima ajibu kwa aya, tena vizuri.

Upenyo upo: Ibn Rushd alishikilia kwamba tafsiri za kifalsafa zisimwagwe mbele ya watu wa kawaida. Kijana ambane hapo: "Kwa hiyo sisi hatustahili kujua?"

Swali hilo lifunge onyesho, au lije katikati Sokrate alidake kwa maswali yake? Hypatia nimpe nini, zaidi ya kuwa maiti ya kuhurumiwa? Taa ni mbili tu, kwa hiyo mbinu za mwanga msinipe.