Baba mkwe alikuwa fundi boila melini, sasa kifua kinambana. Naomba ushauri

Wakuu, shikamooni wakubwa. Naishi Virginia, Marekani, nimeoa huku. Baba mkwe ana miaka 78, na kuanzia 1966 hadi 1974 alikuwa chumba cha boila kwenye manowari ya jeshi la majini la hapa. Mabomba ya mvuke yalikuwa yamefungwa asbesto, yale madini ya nyuzinyuzi ya kuzuia joto. Anasema wakibandua ile ya zamani ili warekebishe bomba, vumbi jeupe lilitanda hadi kwenye kikombe cha kahawa, na wao vifua wazi kwa lile joto.

Sasa ngazi nne tu anahema. Picha ya kifua imeonyesha maji kwenye mapafu. Daktari wa kwanza alimwambia ni sigara na umri, basi. Wakati nasoma kwamba saratani ya utando wa mapafu, ile inayoletwa na vumbi la asbesto, huchukua hata miaka 20 hadi 50 kujitokeza tangu mtu alivute!

Kwa mliopitia haya: tudai kwanza achukuliwe kinyama cha utando kipimwe? Fidia ya maveterani inahitaji karatasi gani zaidi ya cheti cha kuachishwa jeshi? Na mama mkwe, aliyekuwa akikung'uta na kufua sare zake zenye vumbi lile, naye apimwe? Mzee mwenyewe mbishi, hataki kusikia hospitali.