Star Trek ya zamani: tufuate tarehe za kurushwa au mpangilio wa kutengenezwa?

Binti Sahare
Habari za usiku wadau. Nipo Tanga. Tuna kigrupu chetu cha WhatsApp, watu tisa, wengi wa hapa hapa mjini na wawili wako Bagamoyo. Kila Alhamisi baada ya Isha tunatazama upya Star Trek ile ya kwanza kabisa, tamthilia ya Kimarekani ya chombo cha angani, ya 1966 hadi 1969. Kila mtu yuko kwake na simu au kompyuta yake. Saa tatu kasoro naandika "mko tayari?", ikigonga saa tatu tunabonyeza wote. Umeme ukimkatikia mmoja tunasimama kumsubiri. Kuchati ni mpaka sehemu iishe.

Tulianza na The Man Trap kwa sababu ndiyo iliyorushwa kwanza, tarehe 8 Septemba 1966. Jamani, ile sehemu! Uhura, yule dada wa mawasiliano chomboni, yuko kwenye korido, anatokea mwanamume asiyemjua, mweusi mwenzake, anamsemesha kwa Kiswahili. Kumbe si mtu yule. Ni dubwana linalosoma yaliyo moyoni mwako, linajigeuza umbo unalolitamani, kisha linakufyonza chumvi yote mwilini. Uhura anamjibu kwa Kiswahili vilevile, halafu anabaki amemkodolea macho kama aliyepagawa. Sheria ya kutochati ikavunjika hapo hapo. Hata walioiona miaka ya nyuma walirudisha nyuma wasikilize tena.

Sasa tumefika ya sita, Mudd's Women, na Uhura kavaa njano, wakati tumeshamzoea na nyekundu yake. Kabla ya hapo, ile ya tatu, Where No Man Has Gone Before, yeye hayumo kabisa na daktari si McCoy. Tuna vijana wawili ambao hii tamthilia hawajawahi kuiona. Waliponiuliza nikawaeleza kuwa NBC, kituo cha televisheni kilichoionyesha, hawakurusha kwa mpangilio waliotengeneza. Tangu siku hiyo grupu limegawanyika: wengine wanataka turudi mwanzo tufuate mpangilio wa kutengenezwa, wengine tuendelee. Naogopa kuwapoteza wale vijana. Bando lao ni la kuhesabu, nitawaambiaje warudie walichokiona juzi? Naombeni ushauri.

Fundi Redio
Mpangilio wa kutengenezwa, bila kusita. Where No Man ilitengenezwa kabla ya hizo nyingine zote mlizoziona, ndiyo maana sare ni tofauti na daktari ni Piper. Tazameni lile kaburi ambalo Mitchell anamchimbia rafiki yake Kirk, kapteni wa chombo: jiweni pameandikwa James R. Kirk. Baadaye ndipo akawa James T. Mkianza nayo, mnaona watu wakiitafuta tamthilia yao taratibu. Mkiiweka ya tatu inaonekana ni vurugu tu.

Mzee wa Makorora
Mkuu Fundi, hapo sikubaliani nawe. Mimi nimekulia kwenye kibanda umiza. Picha ya kwanza ndiyo inayoamua kama kesho mtoto atarudi na hela yake mkononi au hapiti tena. The Man Trap ina dubwana, ina vifo, ina huzuni ya yule Profesa Crater anayelificha kwa sababu limevaa sura ya mkewe. Kijana anashikwa palepale. Binti, hao wawili wako wamekwisha kushikwa, usiwarudishe nyuma.

Bi Mkubwa wa Bagamoyo
Mwanangu, hakuna haja ya kurudia wala kugombana. Alhamisi ijayo wekeni The Corbomite Maneuver. Ilirushwa ya kumi, Novemba 1966, lakini ilitengenezwa mara kabla ya hiyo Mudd's Women mliyomaliza, na humo Uhura bado kavaa njano. Vijana wataona wenyewe kwamba hizo mbili ni za wakati mmoja. McCoy ndipo alipoanza. Mtakuta Kirk amebanwa na chombo kikubwa mno, msaidizi wake Spock anaona mchezo umekwisha kama sataranji, Kirk anasema tucheze poka. Mwisho wake siutaji, nisije nikawamwagia watoto uhondo. Baada ya hapo endeleeni na mpangilio wa kutengenezwa, mkiruka mlizokwisha kuziona.

Ila The Cage msiitazame peke yake sasa hivi. Ile ya kwanza kabisa, yenye Kapteni Pike, NBC waliikataa, na sehemu kubwa ya picha zake ziliingizwa ndani ya The Menagerie, ile ambayo Spock anashtakiwa. Mkiitazama leo, siku ya kesi ya Spock hamtakuwa na cha kusubiri.

Fundi Redio
Bi Mkubwa, hilo nalipokea kwa mikono miwili. Na Binti, waambie wanaopenda Kiswahili cha Uhura wavumilie hadi msimu wa pili, The Changeling ya 1967. Mashine inamfuta kumbukumbu, anafundishwa kusoma upya, na akikwama kinachomtoka ni Kiswahili.

Binti Sahare
Shikamoo Bi Mkubwa, na ahsante sana. Nimeupeleka ushauri wako kwenye grupu na pande zote mbili zimekubali. Kijana mmoja ameshaniuliza mara mbili huyo mwenye chombo kikubwa ni nani, nimemnyima jibu. Mzee wa Makorora, kama uko mjini karibu ujiunge nasi, nimekuandikia pembeni. Ni Alhamisi saa tatu, na ukichelewa tutakusubiri.